Viganja Viwili vya Obedi

Veneranda Chaula aliingia Ofisi ya Viganja akiwa ameishika simu kwa ncha za vidole vya mkono mmoja, kama mtu aliyebeba panya kwa mkia. Aliiweka mezani, kioo kikiangalia chini, akavuta kiti kabla hajakaribishwa.

"Dada, wewe ndiye unayesoma mikono?"

"Ni mimi. Naitwa Enelisa Tweve. Karibu."

"Basi nisomee ya mume wangu. Alhamisi wanamkata."

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Ukungu wa Makete ulikuwa bado haujabanduka kwenye misonobari, na Enelisa alikuwa hajavua koti. Aliandika jina: Obedi Chaula, miaka thelathini na mmoja, fundi wa minara ya upepo. Kumbukumbu ikafunguka mara moja. Obedi Chaula alikuwa amekubali kutoa figo lake la kushoto kwa Leonadi Chaula, baba yake mkubwa. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kwa sekunde kumi na mbili. Utulivu: tisini na saba kwa mia.

Enelisa aliitazama ile namba kwa muda. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka miwili na hakukumbuka kukutana na tisini na saba.

Tangu Sheria ya Viganja Viwili ilipopitishwa, hakuna mtu nchini aliyeweza kuuza shamba, kufunga ndoa wala kutoa kiungo cha mwili wake kwa kubonyeza kidole gumba. Simu zote zilivalishwa ngozi mgongoni, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiishika simu kwa mkono mmoja, unayosema ni mazungumzo tu: utani, umbea, hasira, ahadi za walevi. Hayahifadhiwi popote wala hayawi ushahidi. Watu walikwisha kutunga msemo wao: la mkono mmoja ni la upepo. Lakini ukiishika kwa mikono miwili, waraka ukiwa wazi mbele yako, ngozi ile huhesabu. Huvitambua viganja kuwa ni vyako na si vya mwingine, kisha hupima joto, jasho na mwendo wa damu kwa sekunde nane. Utulivu ukifika themanini, simu hulia mara moja, nawe umekubali.

Sheria hiyo ilizaliwa kwa nia njema. Kabla yake, wajane walikuwa wakiamka asubuhi na kukuta nyumba imeuzwa kwa kidole walichokibonyeza wakidhani wanapokea salamu.

"Mama," alisema Enelisa, "mume wako alikubali kama mtu anayekubali kulala usingizi."

"Hakukubali. Alipewa simu."

"Na nani?"

"Na Mzee Leonadi mwenyewe. Mzee macho yake hayasomi tena herufi ndogo za simu. Hospitali ilimtumia barua kwenye simu yake, akamwita Obedi, akamwambia, 'Mwanangu, hebu nisomee hii.' Obedi akaipokea, kumbe barua yenyewe ni waraka wa kutoa figo. Mzee akaendelea kuzungumza. Simu ikalia. Kutazama, mzee analia na yeye, anamshukuru mtoto kwa kumpa uhai." Veneranda alijifuta pua kwa upindo wa kitenge. "Wewe ungemwambia nini mzee analia anakushukuru?"

Enelisa aliitazama tena ile tisini na saba.

"Huniamini. Haya, nikabidhi simu ya ofisi. Jifanye mama mkwe wangu."

"Mimi? Sijaolewa hata mimi mwenyewe."

"Utaolewa, usiwe na shaka. Nikabidhi."

Enelisa alichukua simu ya mazoezi, akafungua waraka ambao hutumiwa kufundishia wapimaji wapya, akamnyooshea. Veneranda aliinuka kitini, akapiga goti nusu, akainamisha kichwa na kuipokea kwa viganja viwili vilivyokutanishwa chini yake kama bakuli. Akabaki hivyo, macho sakafuni, kimya, akingoja mkubwa aseme. Ndivyo alivyofundishwa kabla hajaota meno ya pili, na ndivyo alivyofundishwa Enelisa. Ukipewa kitu na mkubwa, unakipokea kwa mikono miwili, na huondoki pale hadi amalize kusema.

Simu ikalia.

"Nimekubali nini?" Veneranda aliuliza, bado amepiga goti.

Enelisa alisoma kioo. "Kunipa ng'ombe wako wote."

"Sina ng'ombe."

"Basi umeponea hapo."

Utulivu wa Veneranda ulikuwa tisini na nne.

*

Kipimo kile kilikuwa na wazazi wengi, na Enelisa alikuwa mmoja wao.

Miaka minne nyuma, akiwa mwaka wa mwisho chuoni, aliajiriwa na wahandisi kukusanya viganja. Alisimama kwenye korido za mabweni na simu iliyovalishwa ngozi, akawaomba wanafunzi mia nane waishike kwa mikono miwili huku wakifikiria jambo wanalolitaka kwa moyo wote. Kisha waishike tena wakifikiria jambo wanalolazimishwa. Mioyo iliyotaka ilitulia. Mioyo iliyolazimishwa ilihangaika. Tofauti ilikuwa wazi kama mchana na usiku, na mashine ikajifunza kutoka hapo kwamba mikono miwili iliyotulia ni mikono inayotaka.

Katika mia nane wale hapakuwa na hata mmoja aliyekabidhiwa simu na baba mkwe. Wote walikabidhiwa na msichana wa rika lao, aliyekuwa akitafuna karanga. Wala haikumjia Enelisa kwamba kuna mikono miwili ya aina nyingine, ingawa jioni ileile alipokea sahani ya ugali kwa mama mwenye kibanda kwa mikono miwili na kichwa chini. Mtu hahesabu pumzi zake.

Alimweleza haya mkuu wake, Bwana Msemwa, mchana huo. Msemwa alikuwa mtu wa pole, mwenye sweta la kijani lililomchakaa viwikoni, na alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Unataka kuandika nini?" aliuliza.

"Kwamba kuna shaka."

"Ukiandika shaka, Alhamisi inafutwa. Mgonjwa anarudi mkiani mwa foleni. Unajua foleni ni ya muda gani?"

"Miezi mitano."

"Na mzee ana miezi mingapi?"

Enelisa alikwisha kusoma faili la hospitali. Mwili wa Mzee Leonadi ulikuwa umeyakataa mafigo mawili yaliyooteshwa maabara, moja baada ya jingine, na mashine ya kusafisha damu ilikuwa ikimchosha kuliko ugonjwa. Daktari aliandika kwa lugha ya adabu, lakini maana yake ilikuwa miezi miwili au mitatu.

"Hana mitano," alisema.

"Na mkataba mmoja ukianguka kwa sababu ya heshima, mingine itasimama? Huku kwetu kila mtu ana adabu, Enelisa. Hata wezi." Msemwa alivuta kikombe chake cha chai. "Mimi sikatai kwamba umeona kitu. Lakini anayelalamika ni mke. Mwenye figo hajalalamika. Nenda kamuulize. Ni mwanaume mzima, ana mdomo."

"Na akisema ndiyo?"

"Basi ni ndiyo. Au una kipimo kingine?"

*

Nyumba ya Mzee Leonadi ilikuwa juu ya kijiji, ukutani mwake kukiwa na picha za madarasa ishirini na sita aliyoyafundisha. Mzee alikuwa amejifunika blanketi hadi kifuani. Alikuwa amekonda kiasi kwamba saa yake ilikuwa imehamia karibu na kiwiko, lakini sauti ilikuwa bado ya mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wa kina Tweve gani? Wa Bulongwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilimfundisha shangazi yako. Alikuwa na mwandiko mbaya sana. Kaa."

Obedi aliingia na birika la chai. Alikuwa mtu mrefu wa mabega mapana, na alitembea ndani ya nyumba ile kwa uangalifu, kama anayeogopa kuvunja kitu. Alikuwa na miaka minne wazazi wake walipokufa katika ajali ya lori, na mzee ndiye aliyemlea, akamfunga kamba za viatu, akamfundisha kusoma kwenye ukuta uleule wa picha. Enelisa alimweleza kwamba ofisi ina desturi ya kuhakikisha. Akamuuliza mbele ya mzee, kama kanuni inavyotaka mtoaji na mpokeaji wawepo pamoja: anakubali kwa hiari yake?

"Nakubali," alisema Obedi.

Enelisa akamkabidhi simu. Obedi akakunja magoti, akaipokea kwa mikono miwili, macho yakaenda sakafuni. Sekunde nane. Simu ikalia. Tisini na sita.

"Ahsante," alisema Enelisa.

Muda si mrefu Obedi aliitwa kazini. Upepo ulikuwa umepanda na breki ya mnara wa tatu ilikuwa ikilia. Aliaga kwa adabu, akaenda. Enelisa naye alitaka kuondoka, lakini viazi vilikuwa motoni, na katika nyumba ile mgeni hakuruhusiwa kupita mlangoni na njaa. Akakaa. Kupitia dirishani waliiona minara juu ya mgongo wa mlima, mapanga yake yakizunguka na kupotea ukunguni. Baada ya nusu saa mapanga ya mmoja wao yalisimama.

"Amefika juu," alisema mzee. "Sasa hivi ukimpigia anaongea hovyo kweli. Mkono mmoja tu, mwingine uko kwenye ngazi. Sheria yao ya minara: mkono mmoja ni wa chuma mpaka unashuka. Mwanzoni nilikasirika. Mimi naongea, yeye amenishikia simu kama kipande cha muhogo!" Alicheka, akakohoa. "Nikazoea. Mtoto akianguka, heshima itanisaidia nini?"

Enelisa aliweka kikombe chini.

"Mzee, ulipomwomba figo, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia..." Mzee alifikiri kama mwalimu anayetafuta jina la mwanafunzi wa zamani, akiwa na hakika kwamba analo. "Nilimpa simu anisomee barua. Ikalia. Nikadhani alikuwa amekwisha kuzungumza na madaktari, kwamba alitaka kunishtukiza kwa wema. Ndivyo alivyo." Akapapasa ukingo wa blanketi. "Sikumwomba."

"Mpigie," alisema Enelisa. "Muombe sasa."

"Amekubali mbele yako leo hii, hata saa mbili hazijapita."

"Ndiyo, mzee. Amekubali."

Mzee Leonadi alimtazama. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alichukua simu yake kutoka chini ya blanketi, akaiegemeza kwenye goti, akapiga. Upepo ulijaa chumbani kabla ya sauti.

"Baba, shikamoo. Samahani, nimeshika kwa mkono mmoja."

"Marahaba. Endelea kushika chuma. Obedi, ile siku ya barua, mimi nilikuomba figo?"

Upepo.

"Hapana, Baba."

"Basi leo nakuomba. Unanipa?"

Dirishani, mapanga ya mnara wa tatu yalikuwa yamesimama wima. Mtu aliyekuwa juu yake hakuonekana kwa umbali ule.

"Sitaki, Baba," ilisema sauti. Kisha maneno yakaja kwa kasi, moja likimkanyaga mwenzake. "Naogopa kisu. Na wakinitoa moja hawaniruhusu tena kupanda, wameshaniambia, nitakaa chini kuhesabu bolti. Na Veneranda anajifungua mwezi wa nane. Silali, Baba, nalala macho wazi. Lakini nikishuka nitakubali. Ukiniuliza nikiwa chini nitakubali tu, najijua. Usiniulize chini."

Mzee alifumba macho. Alipofumbua, sauti yake ilikuwa ileile ya kwanza.

"Nimesikia. Kaza mkono, upepo unaongezeka."

Akakata.

Viazi vilikuwa vimeiva. Harufu yake ilikuja kutoka jikoni, na mtu fulani huko alikuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Hayo aliyosema," mzee aliuliza, "yanaandikwa?"

"Hapana. Mkono mmoja hauandikwi. Kwa sheria, hakusema kitu."

"Kwa hiyo ukishuka mlima huu, Alhamisi bado ipo."

"Bado ipo, mzee."

"Na wewe hutaulizwa."

"Sitaulizwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayesahihisha hesabu na kukuta jibu ni sawa ingawa njia ni mbaya. Enelisa alijua kwamba angeweza kunyamaza. Alijua pia kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilitaka anyamaze, kwa kuwa mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa hai, alikuwa amemfundisha shangazi yake, na alikuwa na macho ya mtu anayependa kuishi.

"Anayepokea anaweza kukataa?" aliuliza mzee.

"Anaweza. Kwa viganja viwili."

"Lete."

Enelisa alifungua waraka wa kukataa kwenye simu ya ofisi, akamwekea. Mzee akaikamata simu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa mikono ya ugonjwa, ngozi juu ya mifupa, na ilitetemeka. Na si ugonjwa peke yake, kwa kuwa dakika chache nyuma ilikuwa imeishika simu nyingine bila shida. Walihesabu sekunde nane.

*Viganja havijatulia. Rudia.*

Arobaini na moja.

Akavuta pumzi, akashika tena. Thelathini na nane. Akaiegemeza kifuani, akafumba macho, midomo ikicheza kama anayesali. Arobaini na nne. Viganja havijatulia. Rudia.

Mzee Leonadi akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa blanketi.

"Inasema sina hakika."

"Ndiyo, mzee."

"Basi haijakosea, binti yangu. Sina hakika hata kidogo. Nataka kuishi. Nataka kumwona huyo mtoto wa mwezi wa nane. Nina watoto wengine wa ndugu zangu tisa, huko Mbeya, huko Iringa, na sijamwomba hata mmoja; maisha yangu yote nimetoa amri, sijui kuomba. Sasa nitajifunza. Labda atapatikana, labda hatapatikana." Alifuta jicho kwa ncha ya blanketi. "Sina hakika. Lakini nimeamua. Mashine yako haijui kwamba hayo ni mambo mawili?"

"Haijui," alisema Enelisa. "Sikuifundisha."

Kanuni ilikuwa upande wa uhai. Kipimo kilikuwa kimemkataa mpokeaji mara tatu. Mkataba ulibaki kuwa halali. Mpima viganja asiyeandika kitu hakuwa amevunja kitu. Na mpima anayeandika neno la mkono mmoja, au kupitisha viganja vilivyo chini ya themanini, alipoteza kazi. Enelisa aliifikiria kazi yake, chumba chake cha kupanga, na mama yake aliyewaambia watu kanisani kwamba binti yake anafanya kazi serikalini. Aliwafikiria wanafunzi wake mia nane, wote wametulia, wote wanataka. Na watu wengine wote wa milima ile waliowahi kukabidhiwa simu na mkubwa, nao wametulia.

"Andika," alisema mzee. "Andika haraka, kabla sijabadilika."

Enelisa akatoa fomu ya karatasi kwenye mkoba, ile ambayo hujazwa umeme ukikatika. Palikuwa na nafasi ndogo ya maoni ya mpima, na hakuna aliyewahi kuitumia. Aliandika kwamba tarehe hiyo alimsikia Obedi Chaula kwa masikio yake, akiwa mnarani, simu katika mkono mmoja, akikataa. Aliandika kwamba kipimo cha utulivu hakijui tofauti kati ya anayekubali na anayeheshimu, kwamba yeye ni mmoja wa waliokifundisha, na kwamba mikataba yote ya simu zilizokabidhiwa na wakubwa iulizwe upya. Maneno yalizidi nafasi, akaendelea pembeni mwa karatasi, kisha nyuma. Mwandiko ulikuwa mbaya. Mzee aliuona, na kwa huruma yake hakusema kitu.

Alipofika chini, kwenye mistari miwili ya mwisho ambayo sheria huisoma kwanza, alisimamisha kalamu. Jikoni walikuwa wakipakua. Mzee Leonadi alikuwa ameinamia mbele, mikono yake bado inatetemeka juu ya blanketi, akimngoja amalize.

Enelisa akaandika:

*Viganja vya mpokeaji: vimetetemeka.*

*Ridhaa ya kukataa: ipo.*